Kumuuzia Ala ya Muziki Mtu Usiyemjua Mtandaoni, Bila Kulizwa

Mnunuzi wa kweli wa saksofoni hukuuliza habari za pedi, vile vizibo laini vinavyofunga matundu yake. Anataka kujua zilibadilishwa lini, kama noti za chini kabisa zinatoka bila kugugumia, kama shingo imewahi kupinda. Wa gitaa atauliza nyuzi zimekaa juu kiasi gani na freti, vile vichuma vya shingoni, zimelika wapi. Wa violini ataomba picha ya mgongo na ya kichwa, halafu atauliza kama kuna ufa uliowahi kuzibwa. Tapeli hana shida na hayo. Anauliza "Bado ipo?", kisha anataka jina lako kamili, benki yako na mahali unapoishi.

Ninafundisha saksofoni na klarineti, na wanafunzi wangu wanapouza ala zao huniletea simu nisome jumbe walizopokea. Kitu cha kwanza ninachotafuta humo ni hicho: huyu mtu anaizungumzia ala, au anazungumzia pesa na haraka tu? Mengine yote nitakayoeleza hapa yanatokana na swali hilo.

Wauzaji wa ala wanalengwa kwa sababu zinazoeleweka. Ala nzuri ina thamani kubwa lakini inabebeka mkononi, na ikishaibwa inauzika tena upesi. Pia wengi wetu si wafanyabiashara. Mtu anauza gitaa mara moja au mbili maishani, mara nyingi akiwa na shida ya pesa, na hajui muamala wa kawaida unakwendaje. Matapeli wanafanya kazi hiyo kila siku.

Tangazo lenyewe

Piga picha zako mwenyewe, mchana, karibu na dirisha. Usichukue picha ya kiwandani. Katika picha mojawapo weka karatasi yenye jina unalotumia kwenye tangazo na tarehe, iwe imeegemea ala. Matapeli huiba picha za wauzaji halali na kufungua matangazo yao ya uongo, na karatasi ile inawapa kazi ya ziada. Inamsaidia pia mnunuzi mwaminifu, maana naye anaogopa kulizwa kama wewe.

Kabla ya kupandisha picha, itazame tena na usahau ala. Angalia kilicho nyuma yake. Je, kuna bahasha yenye anwani juu ya meza? Kuna dirisha linaloonyesha mtaa? Kuna ala nyingine tatu ukutani na spika kubwa pembeni? Nimeona tangazo la keibodi ambalo picha yake ilionyesha studio nzima pamoja na kitasa cha mlango. Mtu wa kuvunja nyumba hahitaji zaidi ya hapo. Jambo jingine ni kwamba simu nyingi huhifadhi ndani ya faili la picha mahali ilipopigwa. Mitandao mikubwa huwa inayafuta maelezo hayo unapopandisha, lakini ukimtumia mtu faili halisi kwa barua pepe yanaweza kwenda nayo. Zima utunzaji wa mahali kwenye kamera kabla hujaanza kupiga.

Namba ya kiwanda inastahili uangalifu wake. Kwenye saksofoni huwa imechongwa mgongoni mwa mwili, karibu na pale panapokaa kidole gumba cha mkono wa kulia. Gitaa za Gibson huwa nayo nyuma ya kichwa. Fender za zamani zinayo kwenye bamba la chuma linaloshika shingo, za baadaye kwenye kichwa. Martin wamekuwa wakiweka namba zao ndani ya tundu la sauti tangu mwaka 1898. Iandike mahali salama, ipige picha, lakini kwenye tangazo funika tarakimu chache za mwisho. Anayeipata namba nzima anaweza kudai ala ni yake na iliibwa, au kuitumia kuuza ala asiyokuwa nayo. Mnunuzi aliyekwisha kuonyesha nia ya kweli mpe namba kamili. Ana haki ya kuhakikisha kwamba ala haikuibwa kwa mtu.

Zaidi ya namba, piga picha makovu. Hapa sitaki ufanye haraka. Chukua saksofoni yako uigeuze kwenye mwanga polepole. Utaona rangi ya dhahabu imelika pale kidole gumba kinapokaa, mkwaruzo mwembamba kwenye kengele, sehemu ambayo fundi aliunganisha kwa risasi ya kulehemu na ikabaki na kivuli cha kijivu, kizibo kimoja kipya zaidi ya vingine. Hakuna saksofoni nyingine duniani iliyochakaa vilevile. Mtu akinunua yako, akarudisha nyingine mbovu na kusema ndiyo uliyomtumia, picha za alama hizo ndizo zitakazosema. Kisha jirekodi video ukipiga noti zote kutoka ya chini hadi ya juu, bila kukata, ukianza kwa kuonyesha namba ya kiwanda. Kwa keibodi bonyeza kila kitufe. Kwa gitaa la umeme zungusha kila kirungu na usogeze swichi, ili isikike kwamba hakuna kukwaruza.

Eleza kasoro zote. Hii ni adabu, na ni ulinzi pia. Mzozo mwingi baada ya mauzo huanza na mnunuzi kudai kwamba alichopokea hakilingani na maelezo, na kama ufa ulishautaja kwenye tangazo, dai hilo linakosa miguu.

Wenye violini wawe makini zaidi na lebo. Viwanda vya Ulaya, hasa vya Ujerumani na Bohemia katika karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, vilibandika lebo yenye jina la Antonio Stradivari ndani ya violini za bei nafuu kwa maelfu. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1737. Kwa hiyo usiandike "violini ya Stradivari". Andika "violini yenye lebo inayosomeka hivi", weka picha ya lebo, na kama una cheti cha mtaalamu kitaje. Mwaka 2012 ilivuma habari ya mwanamke aliyeuza violini ya zamani ya Kifaransa mtandaoni. Mnunuzi akapinga lebo yake, na kampuni ya malipo ikamruhusu arudishiwe pesa kwa sharti kwamba aiharibu violini ile. Aliivunja, akatuma picha ya vipande. Muuzaji akabaki hana pesa wala violini. Kila ninapoikumbuka picha ile naumia. Kubishana juu ya lebo ni jambo la kila siku kwa watu wa violini, na watu wasiojua ala waliliamua kana kwamba ni mkoba wa bandia.

Mazungumzo

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa anauza saksofoni ya alto, ambayo ni ndogo kuliko ile iitwayo tena. Mazungumzo yalikwenda hivi:

"Habari. Bado ipo?"

"Ipo, karibu. Wewe ni mpigaji?"

"Nimeipenda. Nitalipa bei hiyohiyo, ondoa tangazo."

"Asante. Ungependa kuja kuijaribu lini?"

"Niko safarini kikazi. Ni zawadi ya mpwa wangu. Nitamtuma mchukuzi aifuate. Nipe jina lako kama lilivyo benki, na barua pepe yako."

Nikamwambia amjibu kwa swali moja tu: mpwa wako anapiga alto au tena? Jibu likaja baada ya muda mfupi: "Yoyote ni sawa. Tuma jina la akaunti."

Mtu yeyote aliyeishi na mpigaji saksofoni nyumba moja anajua kwamba alto na tena ni ala mbili tofauti, na kwamba aliyezoea moja hanunuliwi nyingine kwa kubahatisha. Simaanishi kwamba kila asiyejua ala ni mwizi. Wazazi wengi wanaonunua kwa ajili ya watoto hawajui chochote, na ndio wanunuzi wazuri kuliko wote. Lakini mzazi wa kweli, kwa kuwa hajui, huuliza zaidi: itamfaa mtoto wa miaka 10, naweza kuja na mwalimu wake, nikigundua haipulizi vizuri nimpelekee fundi gani? Kutojua si dalili mbaya. Kutojali ndiko kunakonitia wasiwasi.

Endelea kuzungumza ndani ya programu ya soko ulilotangazia. Mtu anayekuhimiza mhamie haraka kwenye namba yake ya simu au barua pepe anajua kwamba humo ndani jumbe zinahifadhiwa na akaunti inaweza kufungwa.

Kuna na hila ya namba za uthibitisho. Mnunuzi anasema, "Matapeli wamezidi, nataka kuhakikisha wewe ni mtu wa kweli. Nimekutumia namba 6 kwenye simu, nisomee." Namba zile ni ufunguo wa akaunti yako ya WhatsApp, ya barua pepe au ya benki, ambao yeye ameuomba kwa jina lako. Au anatumia simu yako kufungulia namba mpya ya intaneti atakayotapelia wengine. Hakuna biashara ya ala inayohitaji namba hizo. Ukiombwa, acha mazungumzo hapohapo, usijieleze.

Pesa

Nirudi kwa yule wa alto. Kesho yake ilifika barua pepe yenye nembo ya kampuni ya malipo, imepambwa vizuri, ikisema pesa zimeshaingia ila zimezuiwa kwa muda. Kiasi kilizidi bei, kwa sababu eti ndani yake kulikuwa na ujira wa mchukuzi. Muuzaji alitakiwa amlipe mchukuzi kwanza kutoka mfukoni mwake, atume picha ya risiti, ndipo fedha zote zifunguliwe. Tulipobonyeza jina la mtumaji tukaona anwani ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua kwa dakika mbili. Kwenye akaunti halisi ya mwanafunzi hakukuwa na chochote. Mchukuzi na mnunuzi walikuwa mtu mmoja.

Huo ni utapeli wa malipo yaliyozidi, na una sura nyingi. Wakati mwingine unakuja kwa hundi. Unaiweka benki, baada ya siku chache salio linaonyesha pesa zipo, unatuma ile ziada, kisha wiki kadhaa baadaye hundi inagundulika kuwa ya kughushi na benki inakukata wewe kiasi chote. Marekani, kwa mfano, sheria inazitaka benki zimruhusu mteja atumie pesa za hundi mapema, wakati kuitambua hundi ya bandia kunaweza kuchukua wiki. Pesa kuonekana kwenye salio na pesa kuwa zako ni mambo mawili. Kwa hiyo mtu akikulipa zaidi ya bei, kwa njia yoyote, kwa sababu yoyote, usimrudishie tofauti. Mwambie muamala wote ufutwe na aanze upya kwa kiasi sahihi. Mkweli atafanya hivyo. Tapeli atakasirika.

Ujumbe wa malipo, hata uwe mzuri namna gani, si malipo. Picha ya skrini inatengenezwa kwa programu ya simu. Ujumbe mfupi unaoonekana umetoka kwenye huduma ya pesa za simu unaweza kuwa umeandikwa na mtu aliyesimama mbele yako. Fungua mwenyewe programu ya benki yako, au ingia kwenye menyu ya simu kwa namba unazozijua, uangalie salio. Usipitie kiungo alichokutumia, wala usipige namba iliyo ndani ya ujumbe huo. Linganisha salio la kabla na la baada. Mnunuzi akiwa amesimama hapo anakuharakisha, mwache asimame.

Viungo vya "kupokea pesa" navyo vimezagaa. Unaambiwa mnunuzi ameshalipia kupitia kampuni ya usafirishaji, bofya hapa uandike namba ya kadi yako na zile tarakimu tatu za nyuma ili ulipwe. Kupokea pesa hakuhitaji tarakimu za nyuma ya kadi. Hizo hutumika kutoa.

Hata malipo halali yanaweza kurudi yalikotoka, na hapa ndipo wauzaji wengi waangalifu wanaponaswa. Aliyelipa kwa kadi anaweza kulalamika benki kwake kwamba hakuidhinisha malipo, au hakupokea mzigo, au mzigo haukuwa kama ulivyoelezwa. Kwa kadi za Visa na Mastercard muda wa kulalamika kwa kawaida hufika siku 120. PayPal inampa mnunuzi siku 180 kufungua mzozo. Ulinzi wa muuzaji upo, lakini una masharti: kutuma kwenye anwani ileile iliyoandikwa kwenye muamala, kuwa na uthibitisho wa kufikishwa, na kwa ala za thamani kubwa kuwa na sahihi ya mpokeaji. Mnunuzi akilipa kisha akakuandikia pembeni kwamba tafadhali tuma kwenye anwani nyingine, ukikubali umeutupa ulinzi wako. Rudisha malipo yote, umwombe alipe upya akiweka anwani sahihi.

Angalia pia mtu anayelipa kwa njia hizo mtandaoni halafu anataka aje kuchukua ala mkononi. Hutakuwa na uthibitisho wowote wa usafirishaji, na baadaye anaweza kusema hakupokea. Anayekuja mwenyewe alipe taslimu au kwa uhamisho wa benki unaouona umeingia, na muandikishiane. Kwenye huduma nyingi za pesa za simu mtumaji anaweza kuomba muamala urudishwe kwa madai ya kukosea namba. Karatasi iliyosainiwa na nyote wawili itakusaidia kampuni ikikupigia kuuliza.

Karatasi hiyo haina ugumu. Majina yenu, tarehe, aina ya ala na namba yake ya kiwanda, kiasi na njia ya malipo, na sentensi moja inayosema mnunuzi ameijaribu na ameikubali ilivyo. Sahihi mbili, nakala mbili.

Huduma za mtu wa kati anayeshika pesa mpaka mnunuzi apokee ni nzuri, ila tovuti yake uichague wewe. Nyingi zinazopendekezwa na mnunuzi zimetengenezwa naye.

Kukutana

Ala ya muziki ina shida ambayo simu au kiti hakina: lazima isikike. Keibodi inahitaji umeme, gitaa la umeme linahitaji kikuza sauti (amplifaya), saksofoni inahitaji mahali ambapo kelele haimsumbui mtu. Ndiyo maana watu huishia kumkaribisha nyumbani mtu ambaye hawajawahi kumwona. Tafuta mahali pengine. Karakana ya fundi wa ala ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kuna watu, kuna umeme, na mnunuzi anaweza kumlipa fundi aikague palepale. Shule ya muziki au ukumbi wa mazoezi, katika saa ambazo watu wapo, panafaa. Kama malipo ni taslimu na mengi, malizieni benki, noti zihesabiwe na kukaguliwa kwa mashine na ziingie kwenye akaunti yako hapohapo.

Usiende peke yako. Iwe mchana. Mtu mwingine ajue unakutana na nani, wapi, na utampigia saa ngapi. Mahali pakibadilishwa dakika za mwisho, ahirisha.

Mwache mnunuzi aijaribu kwa raha zake. Wapigaji wa saksofoni wengi huja na mdomo wao wa kupulizia, na hiyo ni dalili njema. Lakini ala isivuke mlango. "Nakwenda kumwonyesha mwalimu wangu kwenye gari" ni sentensi ambayo jibu lake ni "mwalimu aingie, karibu". Kaa kati yake na mlango, kasha lifungwe na ubaki nalo wewe. Mnunuzi mkweli haoni vibaya. Naye angeuza vilevile.

Piano haihamishiki, kwa hiyo hapo nyumba haina budi kufunguliwa. Wawepo watu wazima wengine, milango ya vyumba vingine ifungwe, vitu vya thamani viondolewe njiani, na mtu aje kuona kwa ahadi baada ya kuzungumza naye kwa simu, si kwa jumbe tu.

Kutuma kwa kifurushi

Ukituma, hatari inahama kutoka kwa mwizi kwenda kwa barabara. Gitaa nyingi za Gibson zina kichwa kilichoinama nyuma kwa digrii 17, na kasha likianguka chali pigo huishia pale shingo inapokutana na kichwa. Jaza chini ya shingo na pande zote za kichwa mpaka kisitikisike kabisa. Legeza nyuzi kidogo. Kwenye violini usizilegeze zote kabisa, maana kijiti cha ndani kinachosimama kati ya mbao mbili kinashikwa na mkazo tu na kinaweza kuanguka. Weka kitambaa chini ya kishikizo cha nyuzi. Saksofoni itolewe shingo na mdomo vifungwe peke yake, na vitufe vizuiwe visichezecheze kwa vipande laini vya koki, kama ile ya vizibo vya chupa. Kasha gumu liingie ndani ya boksi lenye nafasi ya kujazwa pande zote. Ala za mbao zisikae kwenye gari la joto siku nyingi. Zinataka unyevu wa hewa wa wastani, takriban asilimia 45 hadi 55, na mbao ikikauka ghafla inapasuka.

Rekodi video ya kufunga, mwanzo hadi mwisho, namba ya kiwanda ikionekana kabla kasha halijafungwa. Soma masharti ya bima kabla ya kulipia. Kampuni nyingi huweka kikomo kidogo cha fidia, na hukataa dai zikisema mzigo haukufungwa vizuri. Bima iwe ya thamani kamili, na mpokeaji atie sahihi. Mchukuzi umtafute wewe, umlipe kwenye ofisi yake.

Mpaka wa nchi ni suala jingine. Mkataba wa CITES unasimamia biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, na ala nyingi zinamo. Mpingo, ule unaotengenezewa klarineti na obo, uliingia kwenye orodha ya pili ya mkataba huo tarehe 2 Januari 2017 pamoja na jamii yote ya miti yake, Dalbergia. Wapigaji walihangaika na vibali mpaka tarehe 26 Novemba 2019, ala zilizokamilika ziliposamehewa. Msamaha huo haugusi mti wa Brazil uitwao Dalbergia nigra, ambao uko kwenye orodha ya kwanza, iliyo kali zaidi, tangu 1992. Gitaa za zamani za thamani mara nyingi zina mgongo wa mti huo, na kuzivusha bila kibali kunaweza kuishia kwa kunyang'anywa. Pembe za ndovu kwenye vitufe vya piano au ncha za pinde za violini zina sheria kali zaidi. Uingereza, tangu Juni 2022, ala yenye pembe haiuzwi mpaka isajiliwe, iwe imetengenezwa kabla ya 1975 na pembe iwe chini ya asilimia 20 ya ujazo wake. Mnunuzi wa ng'ambo akikwambia "tuma tu, hawaangalii", hasara ya mzigo kukamatwa itakuwa yako, kwa sababu yeye atadai hakupokea.

Likishatokea

Kama umeshatuma pesa au umetoa namba za kadi, piga simu benki au kampuni ya pesa za simu sasa hivi, kabla ya kumwandikia tapeli hata neno moja. Saa za mwanzo ndizo ambazo muamala unaweza bado kuzuiwa. Kama ulisoma zile namba 6, ingia upya kwenye akaunti yako mara moja, ubadilishe nywila, uwashe uthibitisho wa hatua mbili, na uwaambie jamaa zako wasitume pesa kwa mtu anayeomba kwa jina lako. Usifute mazungumzo. Piga picha za skrini zenye tarehe, za jumbe, wasifu wa mnunuzi na anwani ya barua pepe, kisha ripoti polisi na kwenye soko lenyewe.

Ala ikishachukuliwa, namba ya kiwanda na zile picha za makovu zipeleke kwa mafundi na maduka ya ala za mitumba unayoweza kuyafikia. Ala iliyoibwa mara nyingi huibuka pale inapohitaji pedi mpya au nyuzi, na fundi mzoefu akiona mkwaruzo aliokwisha kuonyeshwa kwenye picha ataikumbuka. Mwachie namba ya polisi aliyeandika taarifa yako, asikuitie wewe ukakutane na aliyenayo.